Ulimi wa Leokadia

Siku ya tatu baada ya kumzika baba, mimi na kaka yangu Deo tulifungua sanduku lake la bati, na kabla hatujaona kitu tulipokewa na harufu. Wino wa mhuri wa nyama, aliyeunusa utotoni hausahau. Una ukali wa spiriti na utamu wa tunda lililokaa juani, na kwa chini kabisa kuna mafuta ya nyama ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Mhuri wenyewe ulikuwa chini ya suruali zake za kazini, umefungwa kwa kipande cha kanga, mpini wake wa mti umelainika kwa kushikwa. Wilaya ilipoleta mihuri mipya ya chuma, ule wa zamani baba alibaki nao, na sisi hatukujua.

"Tupa hiyo," Deo alisema. "Mali ya serikali, tena imeshakufa. Ya nini?"

Nikautia kwenye mkoba wangu. Deo alidhani nimeshikwa na uchungu wa baba, akaniacha. Uchungu ulikuwapo, sikatai. Lakini mhuri niliuchukua kwa ajili ya mtu mwingine, msichana niliyesoma naye, ambaye mhuri ule ulimpita akabaki bila alama. Nimelikwepa jambo hili miaka mingi. Leo nalisema, na sitajipamba.

Tulikulia Murungu, upande wa Kibondo, kwenye nyumba ya serikali iliyopakana na karo la kuchinjia. Karo lilikuwa sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, paa la bati juu ya nguzo nne za mkaratusi, basi. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Siku hizi kuna machinjio yenye vigae na bomba la maji, na mkaguzi huvaa buti jeupe. Baba alivaa ndala. Wazee walituambia kwamba kabla ya karo kujengwa watu walichinjia nyuma ya nyumba juu ya majani ya mgomba, na kila mtu alikula kwa macho yake mwenyewe. Aliyeugua aliugua, wakasema karogwa na jirani. Ndiyo maana baba alipoletwa pale na mhuri wake walimheshimu kupita mwenyekiti wa kijiji. Jina lake lilisahaulika. Aliitwa Bwana Afya, nami niliitwa mwana wa Bwana Afya, na nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa.

Nguruwe walichinjwa Jumatano na Jumamosi. Nilikuwa nasimama kwenye ua wa minyaa nikatazama, na hakuna aliyenifukuza. Kabla nguruwe hajanunuliwa huangaliwa ulimi. Huangushwa ubavu, wanaume wawili wakamkalia, wa tatu akapenyeza kijiti kinene kati ya taya na kukisukuma mpaka meno yalie. Kisha ulimi hushikwa kwa kitambaa, maana unateleza, ukavutwa nje, na baba akapitisha kidole chini yake taratibu akiwa ametazama kwingine. Alikuwa anatafuta punje. Nguruwe mwenye minyoo hutoa vijipunje vyeupe chini ya ulimi, vidogo kama mchele, na vikionekana hapo basi vimejaa mwilini mzima. Mnyama hulia kilio kinachofika shuleni. Sisi watoto tulicheka. Baba alisema maneno yake yale yale kila mara: "Mnyama haongei, ila ulimi wake unaongea."

Baada ya kuchinja alikagua tena, akapasua moyo, akapasua shavu, na nyama iliyofaa akaigonga mhuri begani na pajani. Duara la zambarau, herufi ndani yake. Iliyokataliwa haikugongwa kitu. Ilimwagiwa mafuta ya taa mbele ya mwenyewe, ikatupwa shimoni, ikafukiwa. Nimeona mwanamume mzima akilia kando ya shimo lile, mwenye nguruwe mmoja tu aliyemlea mwaka mzima kwa pumba na maganda. Baba hakumtazama. Alikuwa anaosha mikono.

Mimi nilielewa yote hayo kichwa chini miguu juu. Niliona kwamba nyama yenye mhuri huliwa na watu hawafi, na isiyo na mhuri huzikwa. Nikakata shauri kwamba mhuri ndio unaoponya. Siku moja nikamwuliza baba kwa nini asiigonge tu ile mbovu nayo ipone, ili yule mzee asilie. Alicheka mpaka akakohoa, akawasimulia wachinjaji, nao wakacheka. Hakuna aliyenisahihisha. Nikabaki na imani yangu kama ilivyo.

Shuleni, saa ya mapumziko, tulicheza machinjioni. Mmoja nguruwe, wawili wa kukalia, mimi mkaguzi. Nani mwingine? Tulichonga mhuri wa muhogo, tukaupaka wino wa kalamu, na aliyepita alipigwa alama mkononi. Ninyi mliocheza nasi mtakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kukataliwa, kwa sababu aliyekataliwa angelia na mchezo ungekwisha. Ila mtoto mmoja hakukubali kucheza hata siku moja. Alisimama kwenye ukuta wa darasa amefumba mdomo, mikono nyuma.

Huyo ndiye Leokadia. Tulikaa dawati moja. Aliishi na bibi yake, Bibi Seveliana, mwanamke mfupi aliyelima maharage kwenye mteremko na kuyauza gulioni. Watu wao walivuka kutoka Burundi kabla sisi hatujazaliwa, kama nusu ya wazazi wa kigangoni kwetu, wakakaa kambini miaka, hatimaye wakapata karatasi za uraia. Leokadia alikuwa na sauti nzito isiyolingana na mwili wake, na hesabu alizijua kuliko sisi sote. Alinigawia karanga za kuchemsha nami nikanakili majibu yake. Naweza kusema alikuwa rafiki yangu. Kwa hiyo nilijua siri yake. Siku moja njiani aliacha kuongea katikati ya neno, akaanguka kwenye nyasi akatetemeka, povu likamtoka lenye damu. Nilisimama mbali nikangoja. Alipozinduka akajifuta kwa ukosi wa sare.

"Usimwambie mtu," alisema. "Wakijua hawatakaa na mimi."

"Simwambii."

"Apa."

Nikaapa kwa Bikira Maria.

Mwaka ule tulikuwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Padri alikuwa anakuja kutoka parokiani mara moja kwa miezi kadhaa, kwa hiyo siku ikishapangwa imepangwa, na kijiji kizima kilishona. Mama alininunulia gauni jeupe lenye tabaka tatu. Katekista alitakiwa kuchagua mtoto mmoja wa kutangulia maandamano na kusoma sala mbele ya padri. Nilijua ni mimi. Kila mtu alijua. Jumamosi moja katekista akafunga daftari lake na kusema, "Atatangulia Leokadia. Sauti yake inafika nyuma." Alisema hivyo tu, kana kwamba anataja siku ya soko.

Nilirudi nyumbani nikiwa sioni njia. Sikulia. Nilikaa nyuma ya banda la kuku nikafikiri, na nilifikiri vizuri, kwa utulivu, kama mtu mzima. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha hadi leo. Watu husema mtoto hajui atendalo. Nilijua. Jumamosi iliyofuata, baba alipolala mchana baada ya kazi, nilichukua mhuri wake na kikopo cha wino, nikavifunga kwenye kanga, nikaenda navyo mafundisho.

Katekista alipotuachia tulikwenda nyuma ya kanisa. Nilipofungua kanga watoto walinizunguka. Mhuri wa kweli! Kila mmoja akataka. Nikawapanga mstari, nikawaambia leo ni ukaguzi wa serikali, hakuna komunyo bila mhuri. Nikajigonga mimi kwanza, kisha nikawaangalia ndimi zao, mmoja mmoja, nikawagonga mkononi. Wino wa kweli haufanani na wa kalamu. Unaingia kwenye ngozi na kukaa wiki kadhaa. Mwisho akabaki Leokadia, ambaye tayari alikuwa ameanza kuondoka.

"Mleteni," nikasema.

Walimleta. Watoto kumi na kitu dhidi ya mmoja. Alipigana, na alikuwa na nguvu, lakini walimlaza ubavu kama walivyoona karoni, wawili wakamkalia. Hakupiga kelele kwa sababu hakutaka kufungua mdomo. Nilipenyeza kijiti mimi mwenyewe. Nilisukuma mpaka nikasikia meno. Nikashika ulimi kwa ncha ya kanga, nikauvuta.

Kama umewahi kuona ulimi wa mtu anayeanguka kifafa unajua nilichokiona. Pembeni ulikuwa umetafunwa, umepona, umetafunwa tena. Makovu meupe yaliyovimba, moja juu ya jingine, na jeraha moja bichi. Mimi sikujua. Nilikuwa nimetafuta tu njia ya kumwaibisha, nikakuta kitu. Moyo ukanipasuka kwa hofu na furaha, vyote pamoja, maana niliamini kweli. Nikasema alichokuwa anasema baba, kwa sauti ya baba.

"Punje. Haifai."

Waliomkalia waliruka kama waliokalia siafu. Mvulana mmoja, aliyekuwa hodari wa kukumbuka kila hatua ya karoni, alikimbilia stoo ya kanisa akarudi na koroboi. Sikumwagiza. Sikumzuia pia. Akammwagia Leokadia mafuta ya taa kichwani, yakashuka shingoni. Ndipo alipoanguka hasa, pale pale alipolala, macho yakageuka, mwili ukapiga ardhi. Wote tukakimbia. Niliurudisha mhuri mahali pake kabla baba hajaamka, na jioni nikala vizuri.

Kesho yake Jumapili watoto walikwenda kanisani na alama za zambarau mikononi. Wazazi wakauliza. Watoto wakajibu kama watoto wanavyojibu: "Tumekaguliwa. Wenye mhuri ni wazima. Leokadia amekutwa na punje, amekataliwa."

Hapa wageni huwa wananikatiza. Huuliza, wazazi wazima waliaminije? Hawajui watu wetu. Wazazi wale walikuwa wamehesabiwa maisha yao yote. Kambini walichovya kidole kwenye wino na asiye na wino hakupata unga. Walipangwa mstari, wakapimwa mikono, wakafunuliwa macho, na hakuna aliyewaeleza sababu. Wino mkononi mwa mtoto kwao haukuwa mchezo hata kidogo. Ulikuwa serikali imepita, na mwenye bahati ameandikwa. Isitoshe, ulikuwa wino wenyewe, mhuri wenyewe, na anayeushika ni mmoja tu.

Kwa hiyo mchana ule nilichungulia dirishani nikaona wanawake wamesimama uani kwetu na watoto wao, kwenye mstari ulionyooka, bila mtu kuwapanga.

Baba akatoka na fulana, shuka kiunoni.

"Mwakeye, Bwana Afya," mmoja akasalimu. "Tumeleta na hawa. Jana walikuwa shamba."

"Hawa wa nini?"

"Wa kukaguliwa, baba. Wasije wakaachwa."

Mwingine akanyanyua mkono wa mtoto wake mkubwa, ambaye alikuwepo jana, akamwonyesha. Baba akaushika mkono ule akausogeza karibu na macho. Akatazama herufi zake mwenyewe. Kisha akageuka polepole mpaka macho yake yakafika dirishani, yakanikuta nyuma ya pazia.

Mhuri wa serikali haushikwi na mtoto. Wilaya ikisikia, kazi imekwisha, na nyumba, na karo, na jina. Hilo nililijua hata mimi. Niliona mawazo hayo yakimpita usoni mmoja mmoja. Angeweza kusema: mwanangu ameniibia, ni mchezo wa watoto, nendeni nyumbani. Maneno machache. Badala yake alikohoa, akajishika shuka, akasema kwa ile sauti ya karoni:

"Zoezi limekwisha."

"Sasa hawa wetu, baba?"

"Nimesema zoezi limekwisha. Ambao hawakukaguliwa hawana shida. Nendeni."

Wakaanza kuondoka, na ndipo Bibi Seveliana alipoingia amemshika Leokadia mkono. Alikuwa amemwogesha. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, lakini harufu ya mafuta ya taa ilifika mpaka dirishani. Wanawake waliokuwa wanaondoka wakasimama. Katekista naye alikuwapo, amekuja kujua mambo.

"Bwana Afya," Bibi alisema, "mimi sikusoma. Wanasema umemkataa huyu. Mkague tena, mwanangu. Mana yanje, Mungu wangu, mkague mbele ya watu. Ni huyu tu nimebaki naye."

Leokadia akafungua mdomo mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Alisimama kwenye jua akautoa ulimi wake wote, yule aliyekuwa akisimama ukutani amefumba mdomo.

Baba akainama. Akamshika kidevu. Alikaa hivyo muda mrefu, kichwa chake karibu na cha Leokadia, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa nasali. Nakuapieni nilisali. Nilikuwa nimeshaona kijiji kizima kikimtazama, na furaha yangu yote ilikuwa imeisha. Nikasema moyoni: mgonge mhuri, baba. Mgonge tu, apone. Nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba baba akiingia ndani, akachukua mhuri na kumgonga mkononi, kifafa kitamtoka. Sasa ni mtu mzima na najua dawa za kifafa, na bado naona kwamba siku ile sikukosea sana.

Baba akajiinua.

"Zoezi limekwisha, mama," alisema. "Mpeleke hospitali Kibondo."

"Lakini umeona nini?"

"Mimi nakagua nyama. Sikagui watu."

Katekista akauliza taratibu, "Na sisi kanisani tufanyeje naye?"

"Mambo ya kanisa ni ya kanisa," baba akajibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilingoja fimbo. Nilijikunyata kitandani nikiwa nimeshavaa magauni mawili kupunguza maumivu. Hakuja. Hakunichapa siku ile, wala kesho yake, wala hakulitaja jambo hilo mpaka alipokufa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini baba hakunihurumia. Kunichapa kungekuwa kukiri. Kilichobadilika ni kimoja: mhuri ukahamia kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake pamoja na rozari.

Leokadia akawekwa pembeni, na haikuhitaji amri. Mwalimu alimpa dawati la peke yake nyuma. Kisimani waliomtangulia walijaza ndoo na kuondoka bila kumngoja, na waliomfuata walisuuza kamba. Katekista alimwambia Bibi kwamba asubiri mwaka mwingine, Mungu si wa haraka. Mimi nikachaguliwa kutangulia maandamano. Nilikataa moyoni na nikakubali mdomoni.

Siku ya komunyo niliongoza watoto wote, duara la zambarau limefifia chini ya mkono wa gauni. Nilisoma sala. Nilifumba macho, nikatoa ulimi, padri akaweka ekaristi juu yake, na kitu pekee nilichofikiria ni kijiti. Nilipogeuka kurudi kitini nilimwona Leokadia dirishani, nje. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Bibi alikuwa ameshalishona, angelipeleka wapi?

Baada ya misa kulikuwa na karamu. Wanawake walikuwa wamepanga mafiga chini ya mikaratusi, masufuria matatu makubwa, nyama ya nguruwe ikikaangika. Sisi watoto tulisimama karibu na moto kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya harufu. Leokadia akaja. Alikaa kando kidogo na figa la mwisho, peke yake, sahani mkononi, maana Bibi alimwambia sherehe ni ya watu wote. Nilimwona akiacha kutafuna. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote, nilikuwa nimeshaiona hali ile. Macho yakasimama, sahani ikaanguka, naye akaanguka upande wa moto, mkono wa kushoto ukaingia kati ya mafiga.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Hatua tatu. Ndoo ya maji ilikuwa mguuni pangu. Watu wakapiga yowe, "Msimguse! Msimguse, mate yake!" Waliokuwa nyuma wakarudi nyuma zaidi. Nilitazama gauni langu. Naandika hivi nikiwa mwanamke mwenye watoto na bado sina sentensi nyingine ya kuweka hapa. Nilitazama gauni langu jeupe, tabaka tatu, na sikusogea. Harufu ya nyama ikabadilika. Bibi Seveliana alikimbia kutoka upande wa pili wa uwanja, kanga ikimdondoka, akamvuta kwa miguu, na mtu wa kumsaidia hakutokea. Alimbeba mgongoni akaondoka naye, msichana mrefu kuliko yeye, miguu ikiburura. Wiki hiyo hiyo walihama. Wakasema wamekwenda upande wa Kasulu, kwa ndugu. Shamba la maharage likavunwa na majirani.

Niliolewa Kasulu mjini, na huko ndiko nilikojifunza, kwa muuguzi mmoja jirani yangu, kwamba kifafa hakiambukizi kwa kugusana, na kwamba makovu yale ni meno ya mtu mwenyewe. Alinieleza huku tunachambua mchele. Niliinuka nikamwacha na mchele. Baada ya kuzika baba na kuupata mhuri, niliuliza kwa wauza nyama, mmoja akasema kuna mwanamke mwenye mkono mbovu anafuga nguruwe Kagerankanda, Leokadia, mkali wa bei. Nikapanda bodaboda.

Nilimkuta zizini na mnunuzi. Walikuwa wamemlaza nguruwe, na Leokadia mwenyewe ndiye aliyemkalia, kijiti mkononi. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole vilivyoungana, lakini aliutumia vizuri. Niliona kwamba kijiti alikuwa amekizungushia kitambaa kinene, kikafungwa kwa uzi, ili meno ya mnyama yasivunjike. Nguruwe alilia kidogo tu. Mnunuzi akapitisha kidole chini ya ulimi, akasema safi. Ndipo Leokadia akainua macho akaniona. Hakuuliza mimi ni nani.

"Mwana wa Bwana Afya," alisema. "Umenenepa."

"Baba amefariki."

"Nilisikia. Poleni."

Sikuweza kuendelea na mengine niliyoyapanga njiani. Nikafungua mkoba nikatoa mhuri, nikamwonyesha, nikaanza kulia, nikasema nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilikuwa mtoto, kisha kwamba hapana, nilijua nilichokuwa nafanya, kwamba baba naye alijua na hakusema. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaufuta mkono wake mzima kwenye kanga, akauchukua mhuri, akaugeuza kutazama herufi.

"Alisema," akajibu.

"Nani?"

"Baba yako. Alipoinama pale. Alinishika kidevu akaninong'oneza sikioni, 'Huna kitu, mwanangu. Ni meno yako tu.'" Alikuwa anaongea bila haraka. "Mimi nikakaa nimetoa ulimi, nikingoja akisimama aseme kwa sauti. Nilijua atasema, kwa sababu alikuwa ameshaniambia. Hata mlango ulipofungwa niliendelea kungoja. Bibi ndiye aliyenifumba mdomo."

Mnunuzi alikuwa anafunga nguruwe miguu akijifanya hasikii. Mtoto mmoja wa Leokadia alitoka nyumbani na kikombe cha maji na kidonge kwenye kiganja, akampa mama yake. Akakimeza mbele yangu. Akanirudishia mhuri.

"Nisamehe, Leokadia," nikasema.

Alinitazama jinsi baba alivyokuwa akitazama nyama, bila hasira.

"Zoezi limekwisha, dada," akasema, akageuka kumsaidia mnunuzi kubeba nguruwe.